Upinde Hupimwa kwa Mwili wa Mpigaji

Urefu wa mvuto usiolingana na mwili huharibu kwanza shabaha, kisha bega. Kwa mtu anayetegemea mikono yake kuendesha kiti cha magurudumu, hasara hiyo ni kubwa kuliko mshale uliokosa alama.

Kabla ya rula na tepu kuenea, Waswahili walipima vitu kwa viungo vya mwili. Shibiri mbili zilifanya mkono mmoja, ambao pia huitwa dhiraa. Mikono miwili ilifanya wari. Mikono minne ilifanya pima. Pima ni upana wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili kando, kutoka ncha ya kidole cha kati cha kulia hadi ncha ya kidole cha kati cha kushoto. Machoni pa mfanyabiashara kipimo hicho kilikuwa na dosari, kwa kuwa pima ya mtu mrefu haikulingana na ya mfupi. Lakini pale kinachopimwa ni chombo cha kutumiwa na mtu mmoja, dosari hiyo hugeuka kuwa sifa. Ndiyo sababu mpiga mishale wa leo, hata akiwa na upinde wa chuma na magurudumu, bado huanza na pima yake.

Katika kata ya Kihanga wilayani Karagwe, sawa na katika wilaya jirani ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, bega ni kiungo cha riziki. Hubeba mkungu wa ndizi, huinua jembe, hugeuza kahawa iliyoanikwa juani, husukuma baiskeli yenye mzigo kupanda kilima. Upinde wa kisasa ni chombo kigeni katika vilima hivyo. Hata hivyo, kanuni ya kuupima inamhusu mtumishi wa afya na mgonjwa wa huko kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba upigaji mishale umetumika kwa miongo mingi kama tiba na mchezo wa watu waliopooza miguu. Ya pili ni kwamba kosa la kumpa mtu chombo kilichopimwa kwa mwili wa mwingine haliishii kwenye upinde. Hutokea kila siku kwenye magongo na viti vya magurudumu.

Mchezo uliotoka wodini

Mwaka 1944, daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Wakati huo wagonjwa wengi wa aina hiyo walihesabiwa kuwa wamekwisha. Guttmann aliifanya michezo kuwa sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliandaa mashindano ya upigaji mishale kwa washiriki 16 waliokaa kwenye viti vya magurudumu. Kutoka mbegu hiyo ilichipuka Michezo ya Paralimpiki, ambayo ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960.

Huko Roma, medali ya kwanza ya dhahabu ya Uingereza ilichukuliwa na mpiga mishale Margaret Maughan. Ajali iliyompoozesha haikutokea Ulaya. Alikuwa mwalimu Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alipopata ajali ya gari mwaka 1959. Alitibiwa Stoke Mandeville, na huko ndiko alikojifunza kuvuta upinde. Mwaka 2012 ndiye aliyewasha mwenge wa Paralimpiki ya London.

Sababu ya tabibu kuuchagua upinde ni rahisi kuielewa. Mvuto wake huimarisha misuli ya mgongo wa juu na ya mabega, ambayo ndiyo mtu aliyepooza miguu huitegemea kusukuma kiti na kujihamisha kutoka kitandani. Aidha, mwenye ulemavu na asiye na ulemavu wanaweza kusimama au kukaa kwenye mstari mmoja na kulenga shabaha ileile. Lakini mvuto huohuo, ukifanywa kwa upinde usiolingana na mwili, huliumiza bega lililokusudiwa kuimarishwa.

Upinde wenye ukuta

Upinde wa mti, ambao Kiswahili cha kale kiliuita uta, hauna mahali maalumu pa kuishia. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na mpigaji huacha pale mkono wake unapofika. Mhadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hujitengenezea upinde wake mwenyewe, na kwa hiyo chombo na mwenye chombo hukua pamoja.

Upinde wa kapi, ambao wengi huuita kompaundi, una tabia nyingine. Ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Kwenye ncha zake mbili kuna magurudumu yasiyo duara kamili, yanayozunguka upote unapovutwa. Mwanzoni mzigo hupanda haraka. Ukishapita kilele, magurudumu hugeuka na kuupunguza. Upinde wenye kilele cha ratili 50, yaani takriban kilo 23, ukiwa na unafuu wa asilimia 80, humwachia mpigaji ratili 10 tu za kushikilia anapolenga, sawa na kilo 4.5 hivi. Baada ya unafuu huo upote hugota, kana kwamba umefika ukutani.

Ukuta huo ndio kiini cha habari. Kwa kuwa upinde wa kapi husimama mahali pamoja tu, urefu wake wa mvuto lazima urekebishwe ulingane na mtu. Ukuta ukiwa mbali mno, mwili hujinyoosha kuufuata; ukiwa karibu mno, mwili hujikunja. Kwa kanuni ya watengenezaji, urefu wa mvuto hupimwa upinde ukiwa umevutwa kikamilifu, kutoka mahali mshale unapokaa kwenye upote hadi sehemu ya ndani kabisa ya mpini, kisha huongezwa inchi 1¾, yaani takriban sentimita 4.4.

Kuipima pima

Kazi hii huhitaji tepu, ukuta na mtu wa pili. Mpimwaji husimama na mgongo ukutani, miguu ikiachana kwa upana wa mabega. Huinua mikono kando hadi usawa wa mabega, viganja vikitazama mbele, bila kujikaza kupita anavyonyooka kwa kawaida. Msaidizi hutia alama kwenye ncha za vidole vya kati na kupima umbali uliopo. Ni vyema kupima mara 2 na kuchukua wastani.

Pima hiyo hugawanywa kwa 2.5. Mtu mwenye pima ya sentimita 165 hupata sentimita 66; na kwa kuwa pinde huuzwa kwa inchi, sentimita hizo hugawanywa tena kwa 2.54 na kutoa inchi 26. Mwenye pima ya sentimita 178 hupata takriban inchi 28.

Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu hupimwa akiwa amekaa wima, mabega yakiwa sawa. Ikiwa mkono mmoja haunyooki kwa sababu ya jeraha au ugonjwa, hupimwa upande mzima, kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo hadi ncha ya kidole cha kati, kisha jibu huzidishwa mara 2. Hata hivyo, kiwiko kisichonyooka ndicho kitakachoushika au kuuvuta upinde, na kwa hiyo hesabu hiyo lazima isahihishwe kwa jicho.

Kipimo hiki si kigeni kwa mtumishi wa afya. Ndicho hutumika kukadiria urefu wa mzee mwenye kibiongo au mgonjwa asiyeweza kusimama, ili kutathmini hali yake ya lishe au uwezo wa mapafu yake. Kwa watu wazima pima na urefu hukaribiana, ingawa katika jamii nyingi za Afrika pima huzidi kwa sentimita kadhaa. Pima kubwa peke yake si ugonjwa. Lakini ikiambatana na vidole virefu mno, kifua kilichobonyea, lenzi ya jicho iliyohama au vifo vya ghafla katika ukoo, mtu huyo apelekwe akapimwe moyo kabla ya kuvuta chochote kizito. Huenda ana ugonjwa wa Marfan, unaodhoofisha mshipa mkuu wa damu utokao moyoni.

Mwili ndio hakimu

Hesabu ya pima ni mwanzo tu. Watu wawili wenye pima moja wanaweza kuhitaji mivuto tofauti, kwa kuwa mmoja ana mabega mapana na mwingine ana mikono mirefu, au mmoja ana shingo ndefu. Hukumu ya mwisho hutolewa na mkao wa mpigaji akiwa amevuta kikamilifu, mbele ya shabaha iliyo karibu, huku mtu mwingine akimtazama kutoka ubavuni na kutoka nyuma.

Kipimo kikiwa sahihi, kichwa hubaki wima kama mtu anayetazama mbele kwa utulivu. Mkono unaovuta hukaa imara kwenye taya, na upote hugusa kidogo ncha ya pua. Kigasha cha mkono unaovuta hulala kwenye mstari mmoja na mshale. Bega la mkono unaoshika upinde hukaa chini, halikupanda kuelekea sikioni, na kiwiko chake hakikukakamaa.

Kipimo kikizidi, mpigaji huegemea nyuma. Kiwiko kinachovuta huzunguka nyuma ya kichwa, mkono hupita taya kuelekea chini ya sikio, na kiwiko cha mbele hunyooshwa hadi mwisho wake. Mara nyingi upote hukipiga kigasha cha mbele na kuacha mchubuko. Kipimo kikipungua, kichwa hutolewa mbele kuufuata upote, kiwiko cha nyuma huelekea nje badala ya nyuma, na mkono wa mbele hukunjwa kupita kiasi.

Wanaoanza hukosea zaidi kwa kuzidisha kuliko kwa kupunguza. Kuna kishawishi kinachoeleweka: upote ukisafiri njia ndefu zaidi, mshale hupata nguvu zaidi. Wapiga mishale hukadiria kuwa inchi moja ya mvuto huongeza takriban futi 10 kwa sekunde. Lakini kasi isiyoelekezwa haina faida, na inchi hiyo hulipiwa na kiungo cha bega. Marekebisho hufanywa kwa nusu inchi kwa wakati mmoja, kisha mpigaji huangaliwa upya. Pinde nyingi zina sehemu za kubadilishia kipimo kwenye magurudumu. Nyingine haziwezi kufunguliwa ila kwa mtambo maalumu wa kuzibana, na kuzifungua bila mtambo huo ni hatari.

Mtoto anayekua hupimwa upya kila baada ya miezi michache. Kumpa upinde mrefu kwa matumaini kwamba ataufikia ni kumfundisha mkao mbaya ambao baadaye utakuwa mgumu kuuondoa.

Bega linavyoumia

Kiungo cha bega kina uhuru mwingi wa kujongea kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na uhuru huo umenunuliwa kwa uthabiti. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kikombe kifupi, kikishikiliwa na misuli minne midogo inayokizunguka. Mzigo unapobebwa na misuli mikubwa ya mgongo wa juu, misuli hiyo minne hufanya kazi yake ya kuongoza tu. Ukuta wa upinde ukiwa mbali mno, mfupa mpana wa bega ulioko mgongoni hupoteza nafasi yake, bega la mbele hupanda, na kano za misuli hiyo midogo hubanwa chini ya paa la mfupa lililo juu yake. Mara moja haidhuru. Mishale mamia kwa juma huleta uvimbe, na mwishowe kano huweza kuchanika.

Uzito wa mvuto huongeza au hupunguza hatari hiyo. Jaribio rahisi ni kumwacha mtu avute akiwa amekaa, mikono ikiwa usawa wa bega. Akilazimika kuuinua upinde kuelekea mbinguni ili aweze kuuvuta, uzito umemzidi. Katika mashindano ya kimataifa uzito wa upinde wa kapi hauruhusiwi kupita ratili 60, na kwa kundi la wenye ulemavu mkubwa wa mikono na miguu kikomo ni ratili 45. Hivyo ni vikomo vya mashindano. Anayeanza huhitaji uzito mdogo sana kuliko huo.

Upote usiachiwe kamwe bila mshale. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe, ambao unaweza kupasuka mkononi. Maumivu ya bega yanayomwamsha mtu usiku anapolalia upande huo, ganzi mkononi, au udhaifu wa kuinua mkono ni sababu za kuacha kuvuta na kumwona mtaalamu. Asivute kabisa aliyeteguka bega au kufanyiwa upasuaji hivi karibuni, mpaka aruhusiwe.

Pale mikono ndiyo miguu

Mtu aliyepooza miguu, iwe kwa ajali ya bodaboda au kwa kuanguka kutoka mtini, hutumia mabega yake kwa kila jambo. Maumivu ya bega ni ya kawaida miongoni mwa watumiaji wa viti vya magurudumu, na bega likishindwa, mtu huyo hupoteza mwendo wake kwa mara ya pili. Kwa hiyo kwake nusu inchi ya mvuto si jambo la anasa.

Kukaa hubadilisha kipimo. Asiye na nguvu ya kiwiliwili hawezi kusawazisha mzigo kwa nyonga na miguu, na huenda akahitaji mkanda wa kifuani pamoja na mvuto mfupi kidogo kuliko hesabu ya pima. Apimwe akiwa kwenye kiti chake mwenyewe, akiwa amefungwa kama atakavyofungwa mchezoni. Kila dakika 15 hadi 30 ajiinue au ajiegemeze ili kuiondolea ngozi ya makalio shinikizo, kwa kuwa kidonda cha mgandamizo hakimwonyi asiye na hisi. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni, akipata ghafla maumivu makali ya kichwa, jasho na wekundu wa uso, mchezo usimamishwe mara moja. Huenda shinikizo la damu limepanda kwa hatari. Akae wima, mikanda ilegezwe, na kibofu, mpira wa mkojo na choo vikaguliwe huku msaada ukitafutwa.

Mfano ulio wazi zaidi wa kanuni hii ni Mmarekani Matt Stutzman, aliyezaliwa bila mikono. Huushika upinde wa kapi kwa mguu na kuuvuta upote kwa kifaa kilichofungwa begani. Kwake pima haina maana yoyote. Mvuto wake hutokana na urefu wa mguu na nafasi ya bega. Kwa upinde uliorekebishwa hivyo alipata medali ya fedha London mwaka 2012 na ya dhahabu Paris mwaka 2024.

Magongo, viti na cha kuazima

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Gongo la kuazima nalo huleta madhara yake. Gongo la kwapani likiwa refu mno, mtu hulining'inia kwa kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa, na kifundo cha mkono huweza kulegea. Likiwa fupi mno, mgongo huinama. Kipimo chake hufanana na cha upinde kwa roho: huanza na namba na kumalizika kwa mkao. Mtu akiwa amesimama wima, ibaki nafasi ya vidole 2 hadi 3 kati ya kwapa na kichwa cha gongo. Kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono unaoning'inia. Na akikishika, kiwiko kijikunje kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Kisha atembee huku akitazamwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu unataja hatua 8 za huduma, na miongoni mwake ni kumtathmini mtumiaji, kukirekebisha kiti kwenye mwili wake, kumfundisha na kumfuatilia. Kiti kilichotolewa kwa msaada na kukabidhiwa bila hatua hizo ni sawa na upinde wa inchi 30 mikononi mwa mtu wa inchi 26. Tanzania ina mahali pa kujifunzia kazi hii: chuo cha mafundi sanifu wa viungo bandia, TATCOT, kilichopo KCMC mjini Moshi. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza. Lakini safari ndefu haihitajiki ili kulifupisha gongo kwa shimo moja.

Anayetaka kuuleta upinde Kihanga kwa ajili ya mazoezi aukumbuke pia mpaka wa sheria. Upinde wa michezo hulenga shabaha ya uwanjani, penye kizuizi imara nyuma yake na pasipopita watu. Wanyama wa Rumanyika-Karagwe, Ibanda-Kyerwa na Burigi-Chato, zilizopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, wanalindwa.

Kwa zahanati, kazi inayoweza kuanza leo haihitaji upinde wala bajeti. Ni tepu, ukuta, na dakika chache za kumtazama kila anayeingia na gongo au kiti. Maswali ni yaleyale ya mpiga mishale: mabega yamekaa chini? Kiwiko kimejikunja kidogo? Kichwa kiko wima? Jibu likiwa hapana, kirekebishwe chombo. Mgonjwa asiambiwe atazoea.